Sura ya marehemu haisuguliwi kwa kipanya

Katogota, Bonde la Ruzizi. Kuna picha moja ambayo kila fundi wa studio kando ya RN5, kuanzia Kamanyola hadi Uvira mjini, ameishaipokea kwa namna fulani. Ni ndogo, ya karatasi, imekunjwa mara nne. Imetoka ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ubatizo na karte ya uchaguzi. Mkunjo umepita katikati ya paji la uso ukashuka hadi juu ya jicho la kushoto. Kona moja imeliwa na mchwa, na upande wa chini maji yameacha doa la rangi ya chai. Anayeileta, mara nyingi mama au dada wa marehemu, ana swali moja tu: “Fundi, mutaweza kumurudisha?”

Fundi anajibu ndiyo, anataja bei, anamwambia arudi saa kumi. Saa kumi mama anapewa picha kubwa inayong’aa, yenye maua pembeni na maneno ya kumwombea marehemu pumziko la amani, na katikati yake amesimama mtu ambaye yeye hajawahi kumwona. Ngozi imekuwa laini kama sahani. Kovu la juu ya nyusi limepotea. Mwanya wa meno, ule ambao ukoo mzima ulimjua nao, umezibwa kwa sababu fundi aliudhani ni tundu la karatasi. Mama analipa, kwa sababu amezoea kupokea anachopewa, na picha inawekwa ukutani.

Katika bonde hili jambo hilo si dogo. Tarehe 14 Mei 2000, wakati wa vita vya RCD, wananchi wa Katogota waliuawa kwa wingi, na tarehe hiyo haijasahaulika hapa. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka na kulipuka Sange, na zaidi ya watu 200 wakateketea. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 ikawa zamu ya Mutarule. Kisha Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ndani ya Uvira, ukabeba nyumba na vyote vilivyokuwamo, sanduku la picha likiwa kimojawapo. Februari 2025, M23 walipochukua Bukavu na vita vikashuka hadi Kamanyola, maelfu ya watu walivuka Ruzizi kuingia Burundi, wengi wakiwa na kile tu walichoweza kubeba kichwani. Kwa familia nyingi zilizopita katika mambo hayo, picha moja ya karatasi ndiyo yote iliyobaki ya mtu. Hakuna faili la pili, hakuna negativu. Anayeiharibu picha hiyo anaharibu kitu kisichonunulika tena Bujumbura wala Dubai.

Lawama hapa inawaangukia mafundi, wenye studio, na mashirika yanayogawa vifaa kwa vijana, kila mmoja kwa sehemu yake. Na inahusu kifaa kimoja kidogo kilicho juu ya meza, yaani kipanya, kile ambacho wengi wanakiita suri kwa kufuata Kifaransa. Kipanya ni kizuri kwa kuandika barua, kwa kupanga hesabu ya duka, kwa kufungua na kufunga madirisha ya kompyuta. Kwa kutengeneza sura ya mtu hakifai. Studio inayopokea pesa za watu ili itengeneze picha za zamani inapaswa kuwa na kibao cha kalamu, na kama ina uwezo wa kununua kitu kimoja tu mwaka huu, kiwe hicho kabla ya printa ya pili, kabla ya taa mpya, na kabla ya lile pazia la maporomoko ya maji ambalo kila mtu amechoka kupigiwa picha mbele yake.

Kwa asiyekijua, kibao cha kalamu ni kisahani cha plastiki bapa, ukubwa wa daftari la mwanafunzi au chini ya hapo, kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Hakina kioo cha kuonyesha kitu, na kisichanganywe na tableti za kutazamia sinema. Juu yake unatembeza kalamu isiyo na wino, na alama inatokea kwenye kioo cha kompyuta. Chini ya plastiki kuna nyaya nyembamba zinazotoa mawimbi, na ndani ya kalamu kuna koili inayoyajibu, kwa hiyo kalamu za aina hiyo hazihitaji hata betri. Kona ya juu ya kibao ni kona ya juu ya kioo, katikati ni katikati. Mkono unakwenda moja kwa moja pale jicho linapotaka.

Lakini hilo si kubwa kuliko yote. Kubwa ni uzito wa mkono. Kipanya kinajua mambo mawili tu: kitufe kimebonyezwa, au hakijabonyezwa. Mkono ukigusa kwa upole au kwa hasira, kwake ni mamoja. Kalamu inapima jinsi unavyokandamiza, na vibao vingi vya sasa hata vya bei nafuu vinagawa mkandamizo huo katika ngazi 8192. Ukigusa kidogo, rangi inakuja kama moshi. Ukikaza, inakolea. Unyusi mmoja unaanza mnene na kuishia mwembamba kama unyusi halisi, kwa mvuto mmoja wa mkono. Kwa kipanya unyusi huo huo unatoka kama kijiti cha kiberiti, unene mmoja mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi umepinda, kwa sababu kipanya chenyewe kinarukaruka juu ya meza ya mbao zisizonyooka.

Mafundi wazoefu watapinga hapa, na upinzani wao una haki yake. Watasema kwamba ndani ya Photoshop au GIMP mtu anaweza kushusha nguvu ya brashi hadi asilimia 10 na kupita mara nyingi, polepole, mpaka mkunjo ufifie. Ni kweli kabisa. Wapo waliofanya kazi safi kwa kipanya miaka mingi, na mikono yao istahili heshima. Ila swali si kama inawezekana. Swali ni nini kinatokea saa nane mchana, wateja watatu wamekaa kwenye benchi, jenereta inakunywa mafuta, na kila badiliko la nguvu ya brashi linataka safari ya kwenda kwenye menyu na kurudi. Fundi ni binadamu. Anatafuta njia ya mkato. Na njia ya mkato ya kipanya ni ile ile daima: kuzungushia uso wote mstari, kuvuta kitelezi cha kulainisha, kuvuta kitelezi cha kung’arisha, basi. Hapo ndipo kovu linapokufa. Hapo ndipo mzee wa miaka sitini anapogeuka kijana wa matangazo ya sabuni, na mtu mweusi wa Ruzizi anapotoka na rangi ya chai ya maziwa.

Chombo kinamsukuma mtu upande fulani. Panga halikatazi kumenya embe, lakini mwenye panga tupu mkononi atapoteza nusu ya embe.

Kuna wanaosema kalamu ni mtindo mpya wa vijana wa Kinshasa na Nairobi. Historia haiwaungi mkono. Kipanya cha kwanza, kiboksi cha mbao chenye magurudumu, kilitengenezwa na kundi la Douglas Engelbart huko California mwaka 1964, na kikaonyeshwa hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Mwaka ule ule wa 1964, katika California ile ile, taasisi ya RAND ilikuwa tayari na kibao chake cha kalamu. Ni watoto wa mwaka mmoja. Kipanya kilienea kwa sababu kilikuwa rahisi kutengeneza na kilitosha kwa kazi za ofisi. Hakikuenea kwa kuwa kilishinda mashindano ya kutengeneza picha.

Na kabla ya kompyuta, mafundi wa picha walitumia nini? Kalamu ya risasi iliyochongwa ikawa kali kama sindano, juu ya negativu iliyowekwa mbele ya mwanga, wakijaza tundu moja moja. Walitumia brashi ya nywele chache kuficha vumbi kwenye karatasi. Huko Lamu, pwani ya Kenya, Omar Said Bakor aliunda picha za kuunganisha ambazo leo wasomi wanaandika vitabu juu yake, na aliziunda kwa mikono yake, zamani sana kabla kitufe cha “bandika” hakijazaliwa. Kazi hii tangu mwanzo ilikuwa ya vidole. Miaka hii ya kipanya ndiyo iliyoitoa kwenye vidole ikaipeleka kwenye kiwiko, na mafundi wengi wanalijua hilo kila jioni wanapojikanda kifundo cha mkono.

Siku hizi kuna jibu lingine, na hilo ni hatari kuliko kipanya. Ni zile programu za simu zinazodai kufufua picha kwa kubonyeza mara moja. Mtu anapiga picha ile karatasi iliyochanika, anaituma, baada ya dakika moja anarudishiwa uso safi wenye macho yanayometa. Watu wanashangilia. Lakini pale ambapo picha haikuwa na kitu, mashine imeweka kitu cha watu wengine. Programu hizo zimefundishwa kwa nyuso nyingi za watu kutoka pande nyingi za dunia, na jicho lililofutika linapojazwa, linajazwa kwa jicho linaloelekea kufaa. Halikuwa la marehemu. Fundi mwenye kalamu akifika mahali karatasi ilipotoboka, anaweza kuuliza: mama, jicho hili lilikuwa linafanana na lile lingine? Kope ilikuwa inashuka? Mashine ya simu haimuulizi mama kitu. Tena picha inayotumwa huko inakwenda kukaa kwenye kompyuta ya watu wasiojulikana. Katika sehemu ambayo watu bado wanaogopa kutaja majina ya waliowaua ndugu zao, kutuma nyuso za marehemu na manusura kwa kampuni isiyojulikana ni uzembe.

Fikirieni pia watoto wanaopotezana na wazazi. Baada ya 1994, Shirika la Msalaba Mwekundu na UNICEF walitumia picha za watoto katika ukanda huu wa Maziwa Makuu ili wazazi wawatambue, na njia ya picha bado inatumika kutafuta familia. Mzazi anamtambua mtoto kwa nini? Si kwa ulaini wa ngozi. Ni kwa alama ya kuungua shavuni, sikio lililochanika kidogo, paji la uso lililotoka mbele kama la babu yake. Anayeisafisha picha ya mtoto aliyepotea kabla ya kuisambaza kwenye vikundi vya simu anamfuta mtoto huyo pamoja na doa la karatasi. Picha ya namna hiyo iguswe kidogo iwezekanavyo: mwanga urekebishwe, mkunjo upunguzwe pale tu unapopita juu ya alama ya kutambulisha, na basi. Kugusa kidogo ndiko kalamu inakoweza na kipanya kinakoshindwa.

Bei? Vibao vidogo vya kampuni za Kichina kama Huion, XP-Pen au Gaomon huuzwa kwenye masoko makubwa ya mtandaoni kwa takriban dola 30 hadi 60, na Wacom ya Wajapani, waliotangulia katika kazi hii, huwa juu ya hapo. Ongeza usafirishaji na yale yote yanayoongezeka njiani mpaka mzigo uvuke Kavimvira. Si pesa kidogo kwa Katogota, hakuna anayesema ni kidogo. Lakini studio hizo hizo zinanunua wino, karatasi ya kung’aa na mafuta ya jenereta bila kusita, na pazia la maporomoko limebadilishwa mara ngapi? Studio tatu za jirani zinaweza kununua kimoja na kupeana zamu, kwa kuwa picha za kutengeneza haziji kila saa kama zile za pasipoti. Kibao kidogo kinatosha. Vile vikubwa, na hasa vile vyenye kioo ndani, ni vya wachoraji wa katuni wenye umeme wa uhakika, na muuzaji anayevisukuma kwa fundi wa picha anatafuta faida yake.

Umeme nao si kisingizio. Kibao kinakula kutoka kwenye kompyuta kupitia USB, na tundu la kawaida la USB 2.0 halitoi zaidi ya wati 2.5. Taa ndogo ya sola inakula karibu hivyo. Kompyuta ya kubeba yenye betri nzima pamoja na kibao vinaweza kufanya kazi hata umeme ukikatika. Na kuna jambo ambalo watu wa bonde hili hawahitaji kuelezwa mara mbili: risasi zikilia, kompyuta kubwa ya mezani inabaki, lakini kibao kinaingia ndani ya begi la daftari. Fundi aliyekimbilia Uvira au ng’ambo ya mto anaweza kuanza tena kazi yake siku atakapopata kompyuta ya kuazima. Programu ya kibao ihifadhiwe kwenye flashi, isitegemewe kutafutwa kwenye intaneti siku hiyo. GIMP na Krita ni za bure na zote zinaelewa uzito wa kalamu, kwa hiyo hata kilio cha Photoshop ya wizi iliyojaa virusi kinakwisha.

Ugumu wa kweli upo, na wauzaji hawausemi. Siku za kwanza kalamu inamfanya fundi aonekane mjinga. Mkono uko chini, macho yako juu, na alama inakwenda isikotakiwa. Wengi wanakiweka kibao kabatini siku ya tatu na kusema hakifai. Kinachotakiwa ni kuondoa kipanya mezani kabisa kwa wiki mbili, kufanya kila kitu kwa kalamu hata kufungua mafaili, na kuweka mkono wa kushoto kwenye kibodi kwa ajili ya kurudisha nyuma pale penye kosa. Pesa ya mteja isitumike kwa mazoezi. Afanye kwanza kwenye picha za ukoo wake mwenyewe.

Kalamu pia haimpi mtu macho. Fundi asiyeuliza ataziba mwanya wa meno kwa kalamu kama alivyouziba kwa kipanya, tena kwa ustadi zaidi. Ndiyo maana lawama nyingine inakwenda kwa miradi ya kuwafundisha vijana na wadeplase kazi za kompyuta. Inakuja na kompyuta kumi, vipanya kumi, wiki sita za kujifunza kuandika na kupanga majedwali, na vyeti vyenye mihuri. Kijana anatoka hapo akitaka kuwa karani katika eneo ambalo halina ofisi za kuajiri makarani. Kazi iliyopo kweli, inayolipwa franka za kweli kila wiki na familia za hapa hapa, ni ya picha: ya shule, ya matanga, ya ndoa, ya vyeti vilivyopotea. Badala ya kompyuta ya kumi, mradi ungeweza kununua vibao kadhaa. Mwalimu wake angekuwa fundi mzee wa studio, yule aliyewahi kushika negativu, aketi na vijana na kuwaonyesha namna ya kumsoma mtu usoni kabla ya kumgusa. Mashirika yanapenda kuuliza wananchi wanahitaji nini. Waende waketi kwenye benchi la studio yoyote ya RN5 mchana mmoja.

Kwa familia zenyewe, haki iko mikononi mwao kuliko wanavyodhani. Mama anayepeleka picha asiiache kabla fundi hajaipiga au kuiskani mbele ya macho yake na kumrudishia karatasi yake. Kama picha imegandamana na kioo cha fremu kwa sababu ya maji, isibanduliwe kwa nguvu, kwa kuwa uso ndio utakaobaki kwenye kioo. Ipigwe picha ikiwa hivyo hivyo, kioo kikiwa kimefutwa. Ataje alama zote ambazo hazitakiwi kuguswa, kovu, mwanya, kidoa, chale, na fundi aziandike nyuma ya risiti. Aulize kazi itafanywa kwa kitu gani. Akiambiwa arudi baada ya dakika ishirini, aelewe kwamba atakayemkuta humo ni mtu mwingine. Na kabla brashi haijagusa kitu, nakala ya picha jinsi ilivyoingia, na doa lake la chai na kona yake iliyoliwa, iwekwe kwenye simu ya mwanawe.